Lithuania imehukumu ulimi, sahihi imeiacha

Desemba 2025 mahakama mjini Vilnius ilimtia hatiani Remigijus Žemaitaitis, kiongozi wa chama cha Nemuno Aušra, kwa kuchochea chuki dhidi ya Wayahudi na kupuuza kupita kiasi jinai za Wanazi. Mwenyewe alikana. Adhabu ilikuwa faini ya euro 5,000. Nimesikia habari hiyo ikifasiriwa kwa namna mbili, na zote naona zimepotea njia. Wa kwanza wanasema jamaa kaponzwa na Palestina: kagusa Israeli, Ulaya ikamfunga mdomo. Wa pili wanapiga makofi kwamba Lithuania, nchi ndogo ya watu wasiofika milioni 3, hatimaye imekubali yaliyotokea kwake wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mimi nasema mahakama imeshughulika na kipande chepesi kuliko vyote vya historia ile: maneno ya mtu aliye hai, aliyeyaandika mwenyewe hadharani, ambaye nusu ya nchi haimpendi. Kipande kizito ni karatasi za mwaka 1941 zenye sahihi za Walithuania wenye vyeo, na baadhi yao leo ni mashujaa wa taifa wenye nishani na vibao ukutani. Nchi inaweza kumtoza faini mropokaji na isiwe imezigusa karatasi hizo hata kidogo.

Tuanze na maneno yenyewe, maana wengi wanayajadili bila kuyasikia. Mei 2023 Israeli ilibomoa shule ya msingi ya Wapalestina karibu na Bethlehem, iliyojengwa kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Žemaitaitis, wakati huo mbunge, alikasirika na kuandika Facebook. Hapo hakuna kosa. Umoja wa Ulaya wenyewe ulilalamika. Lakini aliongeza kwamba baada ya mambo kama hayo si ajabu watu kukumbuka kishairi fulani, akakiweka. Kwa Kiswahili kingekuwa hivi: Myahudi alipanda ngazi, akaanguka kwa bahati mbaya, shikeni kijiti, watoto, mkiue hicho kijiyahudi. Kilithuania, kama lugha yetu, kinaweza kumdunisha mtu kwa kubadili kipande cha neno tu, na kishairi kinafanya hivyo hasa. Katika maandishi yaliyofuata aliwatwisha Wayahudi lawama ya damu ya Walithuania. Anayesema mtu huyu aliadhibiwa kwa kuitetea Palestina atueleze kile kijiti kinamfaa nini mtoto wa Bethlehem aliyebomolewa darasa. Unaweza kulia na mtoto yule kutwa kucha, nami nalia naye, bila kuhitaji kishairi cha kuua mtoto mwingine.

Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilisema amevunja kiapo chake. Alijiuzulu ubunge kabla wenzake hawajapiga kura ya kumwondoa. Mwezi uliofuata aligombea urais akapata karibu asilimia 9, na Oktoba chama alichokuwa amekianzisha juzijuzi kikapata karibu asilimia 15 ya kura na viti 20 kati ya 141 vya Seimas, bunge la nchi hiyo. Wasoshalidemokrati waliokuwa wameshinda wakakiingiza serikalini, huku maelfu wakiandamana nje ya bunge kupinga. Mahakama ilimtoa mlangoni, wapiga kura wakamrudisha dirishani. Hili ndilo linalonifanya niwe na shaka na makofi yanayopigwa. Kama tatizo ni mtu mmoja mwenye mdomo mchafu, hizo kura zimetoka wapi?

Msomaji wa huku anaweza kuuliza Lithuania inamhusu nini. Mimi jina hilo nilianza kulitilia maanani nikisoma habari za Joe Slovo, mpigania uhuru wa Afrika Kusini. Alizaliwa mwaka 1926 katika mji mdogo wa Obeliai, kaskazini mashariki mwa Lithuania, akapelekwa Johannesburg angali mtoto, kama walivyohama Wayahudi wengi wa nchi ile. Sehemu kubwa ya Wayahudi wa Afrika Kusini asili yao ni huko. Ndiye Slovo aliyeingizwa katika Baraza la Mapinduzi la ANC mwaka 1969, kwenye mkutano wa Morogoro, na ndiye aliyekuwa waziri wa nyumba wa Mandela mwaka 1994. Familia ile ingechelewa kuhama, angekuwa na miaka 15 tarehe 25 Agosti 1941. Siku hiyo imeandikwa katika ripoti ya Karl Jäger, afisa wa SS, jeshi la chama cha Wanazi, aliyeongoza kikosi cha mauaji nchini humo. Ripoti imepangwa kama daftari la duka: tarehe, mahali, wanaume, wanawake, watoto, jumla. Mstari wa Obeliai unasema wanaume 112, wanawake 627, watoto 421, jumla 1,160. Mistari ni mingi, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka hesabu ya mwisho ya tarehe 1 Desemba 1941: watu 137,346.

Jäger anaeleza pia kazi ilifanyikaje. Kikosi chake cha kuzunguka vijijini kilikuwa na askari 8 hadi 10 tu wa Kijerumani waliozoea kazi, wakishirikiana na Walithuania. Jiulize watu wanane au kumi wanawezaje kuwakusanya, kuwalinda, kuwatembeza na kuwazika watu elfu tatu kwa siku katika mji wasioujua, ambao hata lugha yake hawaisemi. Hawawezi. Lazima awepo anayejua nani ni nani na anakaa nyumba ipi. Lazima mashimo yachimbwe, mikokoteni ipatikane, na funguo za nyumba zibaki kwa mtu. Wayahudi wa Lithuania walikuwa zaidi ya 200,000, nao zaidi ya asilimia 90 waliuawa. Wengi wao hawakupanda treni kwenda kambi za mbali. Walipigwa risasi msituni, mwendo wa miguu kutoka nyumbani kwao, na majirani wakisikia.

Ni kweli kwamba miaka hiyo nchi yenyewe ilikuwa imekabwa. Usovieti uliivamia Juni 1940. Tarehe 14 Juni 1941 na siku zilizofuata, watu wapatao 17,000 walipakiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe na kupelekwa Siberia na kwingineko. Wiki moja tu baadaye, tarehe 22, Wajerumani wakaingia, na Walithuania wengi wakawapokea kama wakombozi. Serikali ya muda ilitangazwa kesho yake, ikadumu wiki sita, Wajerumani wakaizima bila kuwahi kuitambua. Lakini katika wiki hizo sita ilipata nafasi ya kupitisha kanuni za kuwatenga Wayahudi. Na tarehe 27 Juni, katika uwanja wa gereji moja mjini Kaunas, makumi ya Wayahudi waliuawa kwa vyuma mchana kweupe, raia wamezunguka wanatazama, askari wa Kijerumani wanapiga picha. Picha zipo.

Sasa tuje kwenye sahihi. Jonas Noreika alikuwa ofisa wa jeshi na mwanasheria. Mwaka 1933, Wanazi wakiwa ndiyo kwanza wamekamata madaraka Ujerumani, yeye alichapisha kijitabu cha kuwataka Walithuania wasusie biashara za Wayahudi. Agosti 1941 aliteuliwa mkuu wa wilaya ya Šiauliai. Tarehe 22 mwezi huo alitia sahihi amri kwa watendaji walio chini yake: Wayahudi wote wa wilaya wahamishiwe mji wa Žagarė, kwenye geto, yaani mtaa wa kuwafungia, na mali zao ziorodheshwe na kulindwa. Septemba ikafuata amri nyingine ya namna ya kugawa vitu vyao. Hizi ni karatasi za ofisini, zimeandikwa kwa Kilithuania safi, lugha ile ile ambayo mkuu wa wilaya angeitumia kuagiza barabara ifagiliwe. Tarehe 2 Oktoba, siku 41 baada ya amri ya kwanza, daftari la Jäger lina mstari wa Žagarė: wanaume 633, wanawake 1,107, watoto 496. Mstari huu una maelezo pembeni, jambo ambalo si la kawaida. Anasema watu walipokuwa wakiondolewa walizusha vurugu, 150 wakapigwa risasi papo hapo, na wapiganaji saba wa upande wa wauaji wakajeruhiwa. Kwa hiyo tunajua kwamba watu wa Žagarė walipigana.

Lakini maisha ya Noreika hayakuishia hapo, na ndipo ugumu unapoanza. Mwaka 1943 Wajerumani hao hao walimkamata pamoja na wasomi wengine wa Kilithuania wakamfunga kambi ya Stutthof. Baada ya vita alirudi Vilnius, akajaribu kuunganisha upinzani wa siri dhidi ya Wasovieti. Walimkamata mwaka 1946, na tarehe 26 Februari 1947 wakampiga risasi. Uhuru uliporudi, taifa lilimkumbuka kwa hayo ya mwisho: mwaka 1997 alipewa nishani kubwa ya nchi, na ukuta wa maktaba ya Chuo cha Sayansi mjini Vilnius ukawekwa kibao chenye jina lake. Mjukuu wake aliyekulia Chicago alimwahidi mama yake aliyekuwa akikata roho kwamba ataandika maisha ya babu shujaa. Alipofungua nyaraka akakutana na zile amri, akaandika kinyume cha alichotumwa. Aprili 2019 mtu mmoja alikivunja kibao kwa nyundo. Kikaungwa. Julai meya akakiondoa. Septemba wanaharakati wa uzalendo wakaweka kipya bila kibali.

Taasisi ya serikali inayochunguza mauaji ya halaiki na upinzani ilitoa utetezi ambao nimeusoma mara mbili nikidhani nimekosea: kwamba watu wa Lithuania mwaka 1941 hawakuelewa kuwa geto ni sehemu ya maangamizi. Miezi kadhaa baadaye ikasema Noreika kwa kweli aliwaokoa Wayahudi, ikitegemea ushuhuda uliotolewa Marekani miongo kadhaa baada ya vita. Mwaka 2021 wanahistoria wa taasisi hiyo wenyewe walilalamika kwamba kazi yao imegeuzwa siasa, na bunge likamwondoa mkurugenzi. Wajuzi wapo, na wapo humo humo ndani.

Kwa haki, upande wa pili una hoja nzito, na asiyeziona nzito hajawahi kufikiria maana ya kuwa taifa dogo katikati ya majitu mawili. Kwanza, mwaka 1941 hapakuwa na dola ya Lithuania. Mpango wa kuwaangamiza Wayahudi ulitungwa Berlin, silaha zilikuwa za Berlin, na bila Wajerumani kuingia Lithuania mauaji haya yasingetokea. Hilo ni sahihi. Pili, kati ya 1940 na 1953 Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 130,000, na waliopigana msituni waliuawa kwa maelfu. Kwenye barabara kuu ya Vilnius lipo jengo la zamani la KGB, polisi wa siri wa Kisovieti, ambalo mawe yake ya nje yamechongwa majina ya waliouawa. Ukipita hapo ndipo unaelewa kwa nini Mlithuania akisikia neno mhanga anamwona babu yake kwanza. Kwa miaka mingi jumba la makumbusho lililomo humo liliitwa la wahanga wa mauaji ya halaiki, na Wayahudi walikuwa hawana nafasi ndani yake; chumba kidogo chao kiliongezwa baadaye, na mwaka 2018 jina likabadilishwa. Tatu, utawala wa Kisovieti wenyewe ulifuta Wayahudi kwenye makaburi yao. Mawe uliyoweka misituni yalisema wamelala hapo raia wa Kisovieti. Vizazi viwili vilisoma mawe hayo. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutojua alichofichwa tangu utotoni, ingawa kisingizio hicho kina tarehe ya mwisho, nayo imepita zamani.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa, ni ile ya kisasi: kwamba Wayahudi ndio waliowaleta Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Kisovieti, kwa hiyo yaliyowapata 1941 yalikuwa malipo. Inaanguka ukiigusa tu. Miongoni mwa waliopakiwa kwenye mabehewa ya Juni 14 walikuwemo Wayahudi, tena kwa uwiano mkubwa kuliko uwiano wao katika idadi ya watu, maana Stalin alikuwa akiwafuata wafanyabiashara, wanasiasa na viongozi wa dini bila kuuliza kabila. Na hata tungekubali kwamba wakomunisti wa Kiyahudi walitenda maovu, daftari la Jäger lina safu ya tatu, ya watoto. Watoto 421 wa Obeliai walikuwa wamemleta Mbolsheviki gani? Jamaa zetu wa Rwanda wanaifahamu hoja hii kwa sura nyingine: wanaotaka kuyapunguza mauaji ya Watutsi ya 1994 huzungumzia mauaji ya halaiki mawili, ili mizani isimame katikati na asiwepo wa kuulizwa. Lithuania nayo ina wapenzi wa mizani hiyo. Mateso ya Siberia ni ya kweli, na yanastahili kuombolezwa kwa jina lake. Yakigeuzwa jiwe la mizani yanapoteza heshima yake yenyewe.

Ipo hoja nyingine inayotolewa kwa upole zaidi: huu si wakati. Urusi tangu 2022 inaua watu Ukraine kwa kisingizio cha kuondoa Unazi, na propaganda yake imewaita Wabalti, yaani watu wa Lithuania, Latvia na Estonia, mafashisti miaka nenda rudi. Kila anayefukua habari za Noreika anampa Moscow risasi. Naielewa hofu hiyo, kwani nchi hii inapakana na Belarus na kipande cha Urusi. Lakini hebu tazama inavyofanya kazi. Propaganda haihitaji ukweli. Ingekuwepo hata kama Noreika asingezaliwa. Kinachoipa nguvu ni kuona kwamba kuna kitu kimefunikwa. Funika kombe mwanaharamu apite ni ushauri mzuri kwa ugomvi wa nyumbani, ila hapa mwanaharamu hapiti, amepiga kambi mpakani, na kombe analiona. Karatasi zenyewe hazikutungwa Moscow. Zilitoka ofisi ya wilaya ya Šiauliai.

Hivyo narudi kwenye mahakama. Sheria ina rekodi gani katika jambo hili? Aleksandras Lileikis, aliyekuwa mkuu wa polisi wa usalama wa Kilithuania mkoa wa Vilnius wakati wa Wanazi, aliishi Marekani miongo kadhaa, akarudi mwaka 1996, akafunguliwa kesi iliyosimamishwa kwa ugonjwa, akafa mwaka 2000 bila hukumu. Wenzake wawili walitiwa hatiani, mmoja 2001 na mwingine 2006. Hakuna aliyelala gerezani hata usiku mmoja. Lakini katika miaka hiyo hiyo waendesha mashtaka waliona muda wa kumchunguza Yitzhak Arad, Myahudi wa Lithuania aliyeponea msituni akiwa kijana, akapigana na Wanazi, akawa mwanahistoria na mwenyekiti wa Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi. Walimtafuta pia Fania Brantsovsky, bibi aliyetoroka geto la Vilnius akajiunga na wapiganaji. Uchunguzi wa Arad ulifutwa mwaka 2008. Brantsovsky alikuja kupewa nishani na rais mwaka 2017. Nchi moja, bibi mmoja, faili na nishani ndani ya miaka kumi. Sioni hapo unafiki mtupu. Naona dola isiyojua inasimama wapi, inayosogea kila anapoingia mtu mwenye sauti.

Ndiyo maana siitegemei faini ya Žemaitaitis kufanya kazi ambayo haikupewa. Mahakama ilikuwa sahihi kumtia hatiani. Lakini hukumu dhidi yake inaruhusu kila mtu mwingine kuvuta pumzi: chuki sasa ina jina na sura, si sisi, ni yule. Huku kwenye ngazi ya vyeo, Rais Brazauskas aliomba msamaha mbele ya bunge la Israeli tangu Machi 1995, na Septemba 23 kila mwaka ni siku ya kitaifa ya kumbukumbu. Maneno ya juu yamesemwa vizuri. Kinachokosekana ni cha chini, cha wilaya na tarafa, kwa sababu mauaji yalikuwa ya wilaya na tarafa. Nani aliandika orodha ya mji huu? Nyumba ile ya sokoni ilikuwa ya nani? Katika mji mdogo maswali hayo hayana jibu la jumla. Yana jibu lenye jina la ukoo, na ukoo upo, na wajukuu wake hawana hatia yoyote na wanajua kila mtu atawatazama.

Na bado yapo mambo yanayokwenda. Agosti 2016 katika mji wa Molėtai, baada ya mwandishi mmoja wa tamthilia kuwahimiza wenzake, maelfu ya watu walitembea kwa miguu kutoka mjini hadi kwenye kaburi la pamoja, njia ile ile waliyopitishwa Wayahudi 2,000 wa mji huo miaka 75 nyuma. Hakuna mahakama iliyowaagiza. Walithuania zaidi ya 900 wanatambuliwa na Yad Vashem kwa kuokoa Wayahudi, akiwemo Ona Šimaitė, mkutubi wa chuo kikuu aliyekuwa akiingia geto la Vilnius kwa kisingizio cha kudai vitabu ambavyo havikurudishwa. Ajabu ni kwamba mashujaa hawa wasio na doa hawajulikani nusu ya anavyojulikana Noreika, na sababu naidhani: kumtukuza Šimaitė kunalazimisha swali la wengine walikuwa wapi.

Vilnius palikuwa na kijia chenye jina la Kazys Škirpa. Huyu ndiye aliyepandisha bendera ya taifa kwenye mnara wa Gediminas tarehe 1 Januari 1919, na ndiye aliyeasisi Berlin chama cha wanaharakati kilichotaka Lithuania bila Wayahudi. Mwaka 2019 baraza la jiji liliondoa jina lake, kijia kikaitwa cha Rangi Tatu, kwa heshima ya bendera. Tendo likabaki, mtu akaondoka. Kwa Noreika mimi nisingefika huko. Nisingeunga mkono nyundo, wala kibao kung'olewa usiku na kurudishwa usiku. Ningetaka Jonas Noreika abaki pale kwenye maktaba na tarehe ya kuuawa kwake, 26 Februari 1947, na juu yake iongezwe 22 Agosti 1941, pamoja na jina la mji wa Žagarė.